Sungura wako jicho linatoa machozi? Soma hapa kabla hujakimbilia dawa ya matone

Siku hizi Mwanza ukipita Buhongwa, Igoma, Kishiri mpaka kule Nyakato, nyumba nyingi tu utakuta kibanda cha sungura nyuma ya jiko. Wengine wanafuga kwa ajili ya kitoweo, wengine watoto washawapa majina na hawataki kusikia habari za kisu, lakini jicho likiharibika ushauri wa mtaani ni uleule kwa wote: nenda duka la dawa kachukue dawa ya macho, tia matone, atapona. Na kweli anatulia siku mbili tatu, alafu linarudi, unatia tena, linarudi tena, na mwisho wa siku jicho limekuwa jeupe na mnyama amekonda hata haeleweki nini kimempata. Hii inaniuma sana kwasababu mara nyingi ilikuwa inaepukika kabisa. Kwa sungura jicho ndo linaonekana, ila ugonjwa wenyewe mara nyingi uko kwenye meno au kwenye banda, sasa ukitibu jicho peke yake unakuwa hujatibu kitu.

Kwaiyo fuata hizi hatua kwa mpangilio, usiruke.

HATUA YA KWANZA: Mtazame kabla hujamshika

Sungura ni mnyama wa kuwindwa, kwaiyo maumivu anayaficha. Ukimshika tu anakaza mwili, macho yanamtoka, na hapo hutajua lolote. Kaa pembeni ya banda jioni jua likiwa limepungua, mtupie majani, mtazame. Jicho lipi analifumba nusu? Anakula au ananusa tu anaacha? Majani anayachukua alafu yanamdondoka mdomoni? Anakaa peke yake kwenye kona amejikunyata?

Sungura mzima hakonyezi macho ovyo, anapepesa mara kumi hivi kwa saa nzima, kwaiyo ukimuona anapepesapepesa jicho kila dakika ujue kuna kitu kinamchoma.

Alafu hapa naomba wenye sungura weupe wanisikilize. Wale New Zealand White macho yao ni mekundu toka kuzaliwa, hiyo ni rangi yao tu sio ugonjwa. Mtu anaona jekundu anaanza kutia dawa mnyama hana shida yoyote! Wekundu wa ugonjwa uko kwenye ile ngozi laini ya ndani ya kope, ukiivuta kidogo utaona imevimba na imeiva. Kwa wale wa kijivu wa aina ya Chinchila au wa kahawia ni rahisi zaidi kuona tofauti.

HATUA YA PILI: Mshike vizuri, jicho ulione kwa karibu

Chukua kitenge au taulo, weka mezani au chini kwenye mkeka, mfunge mwili mzima kichwa kikabaki nje. Makalio na miguu ya nyuma ishikiliwe vizuri, maana sungura akirusha teke hewani anaweza kuvunja uti wake wa mgongo mwenyewe na hapo hamna cha kurekebisha. Usimnyanyue kwa masikio, na usimlaze chali ukadhani ametulia, hapo anakuwa ameganda kwa hofu. Kama kuna mtoto mkubwa anayemzoea mwambie akusaidie, "mshike kiunoni taratibu mwanangu, usimbane", wewe ukabaki na mikono yote miwili huru.

Washa tochi ya simu lakini usimmulike usoni moja kwa moja, mulika kwa pembeni, alafu angalia haya:

Miguu ya mbele, upande wa ndani. Watu hawaangalii hapa kabisa. Sungura anajifuta macho na pua kwa miguu ya mbele kila saa, kwaiyo manyoya ya hapo yakiwa yamelowa, yameshikana au yamekuwa na ukoko, basi hilo jicho au pua vimeanza kutoa uchafu muda, hata kama leo asubuhi uso ulikuwa msafi.

Uchafu wenyewe. Machozi ya maji maji masafi mara nyingi ni vumbi, moshi, harufu ya mkojo au kitu kimeingia. Matongo ya njano au kijani ni maambukizi. Ukibonyeza taratibu chini ya kona ya ndani ya jicho, ule upande wa puani, ukaona unatoka usaha mweupe mzito, hapo mfereji wa machozi umeziba na kuoza, na hii ndo inayorudi rudi kila mwezi.

Kioo cha mbele cha jicho. Kinatakiwa kiwe kinang'aa, mwanga wa tochi unaonekana juu yake umenyooka vizuri. Ukiona sehemu ina ukungu, bluu bluu au doa jeupe, au mwanga unaonekana umevunjika pale, hapo kuna mchubuko au kidonda.

Ukubwa wa jicho. Simama kwa juu umtazame kichwa, linganisha macho mawili. Moja likiwa limetokeza kuliko jingine hilo sio suala la matone, endelea kusoma.

Na muhimu kuliko yote: ni jicho moja au yote mawili? Yote mawili kwa wakati mmoja, lawama ya kwanza nenda nayo kwenye banda. Jicho moja tu, fikiria kitu kimeingia, kaumia, wamepigana, au jino.

HATUA YA TATU: Osha, basi

Kabla ya dawa yoyote unaosha. Kachukue ile chupa ya maji ya dripu ya chumvi ya nusu lita duka la dawa, sio ya sukari. Ukikosa, chemsha maji nusu lita, weka chumvi kijiko cha chai ambacho hakijajaa mpaka juu, koroga, funika, yaache yawe ya uvuguvugu, na ya leo usiyatumie kesho. Maji ya ziwa hapana, hata kama unakaa Igombe au Luchelele na ziwa liko mlangoni, usioshee jicho maji ambayo hayajachemka.

Pamba loweka, kamua kidogo, weka juu ya matongo uyaache yalainike kwanza, usikwangue. Ukishalainisha futa kutoka kona ya ndani kwenda nje, pamba moja mfuto mmoja, jicho la pili pamba nyingine. Kama unahisi kuna kitu ndani vuta kope ya chini taratibu uone kile kimfuko, mimina maji kwa bomba la sindano ambalo limeondolewa sindano, yatiririke.

Kwa huku kwetu kitu kinachoongoza kuingia machoni ni pumba za mpunga. Mpunga tunao mwingi, Magu, Kwimba, Sengerema, pumba mashineni ni bei ya kutupa, kwaiyo watu wanatandika kwenye banda la sungura kama wanavyotandika la kuku. Nimewahi kuona ganda moja la mpunga limejibana chini ya kope ya sungura wa jirani, dogo kabisa, limelala bapa na ile ncha yake inagusa jicho, kila akipepesa linakwaruza, na kwa nje ulikuwa unaona machozi tu hamna kitu kingine. Lilitoka kwa maji. Likigoma kutoka kwa maji usiingize kibanio wala kucha, mpeleke kwa daktari. Na ujue sungura ana kope ya tatu, kale kangozi kanakotokea kona ya ndani, kitu kinaweza kujificha nyuma yake usikione kabisa.

HATUA YA NNE: Usimwekee nini

Hapa nitakaa kidogo.

Usiweke dawa ya matone yenye steroidi, ile ya kushusha uvimbe na wekundu, mpaka daktari apime jicho. Hizi zimejaa madukani na zinapendwa sana kwasababu wekundu unapotea haraka, unaona umepona. Ila kama kwenye kioo cha jicho kuna mchubuko, steroidi inazuia kidonda kufunga, kinachimbika kwenda chini, jicho linaweza kutoboka. Na sungura mwili wake unaathirika na steroidi vibaya kuliko mbwa au paka. Majina ya kukwepa kwenye boksi ni deksamethazoni, betamethazoni, prednisoloni, haidrokotizoni. Saa zingine imechanganywa na antibayotiki ndani ya chupa moja, kwaiyo ukisikia tu "hii ni ya bakteria" usiridhike. Muulize muuzaji vizuri, "dada samahani, naomba unisomee kilichomo, isiwe na deksa ndani," atakusomea.

Usimpe sungura amoksilini, ampisilini au penisilini ya kumeza. Kapsuli unafungua unamkorogea kwenye maji kwasababu mtoto wako alipona nayo, HAPANA. Tumbo la sungura linaendeshwa na bakteria wazuri wanaosaga majani, hizi dawa zinawaua, wanabaki wabaya wenye sumu, anaharisha na anaweza kufa ndani ya siku chache. Lincomaisini na clindamaisini ni hivyo hivyo.

Usimtie maziwa ya mama, majani ya chai, asali, maji ya tumbaku wala chumvi ya unga. Najua wazee wanapuliza vitu kwenye jicho la ng'ombe na wanakuambia linapona. Jicho lenye kidonda ukalitia hivyo vitu unamuongezea maumivu na wadudu.

Na kloramfenikoli, antibayotiki inayouzwa kama dawa ya macho, isitumike kabisa kwa sungura wa kuliwa. Kwa dawa nyingine yoyote atakayoandikiwa sungura wa kitoweo muulize daktari usubiri siku ngapi kabla ya kuchinja.

HATUA YA TANO: Angalia mdomo

Sasa tunakuja kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kinaua macho mengi ya sungura wa mjini. Meno ya sungura yanakua maisha yake yote, yale ya mbele yanakua kama milimita mbili kwa wiki au zaidi kidogo. Yanasagika kwa kutafuna nyasi, nyasi ina chembe ngumu ndani yake zinazosugua jino. Sungura anayelishwa kiporo cha ugali, mkate, pumba za mahindi na kabichi laini hasagi vya kutosha, jino linarefuka kwa juu na mzizi nao unasukuma kwa ndani. Mfereji wa machozi wa sungura una tundu moja tu la kuingilia, liko kwenye kope ya chini, unapita kwenye fuvu jirani kabisa na mizizi ya meno ya juu kwenda kutokea puani. Mzizi ukisogea unaubana, machozi hayapiti, yanamwagika usoni na ndani usaha unajaa. Unaona sasa kwanini matone hayatibu.

Fungua midomo ya mbele kwa kidole gumba: meno ya juu yanatakiwa yapite kidogo tu mbele ya yale ya chini. Yakigongana ncha kwa ncha, yamepinda au yamekuwa marefu, umepata jibu. Pitisha vidole chini ya taya pande zote mbili, mfupa unatakiwa uwe sawasawa, ukikuta vinundu vinundu hiyo ni mizizi inasukuma mfupa. Kidevu kimelowa mate? Anachagua vitu laini? Vinyesi vimekuwa vidogo na vichache? Meno ya nyuma hutayaona kwa tochi ya simu, hayo ni kazi ya daktari mwenye kifaa.

Na yale ya mbele usiyakate na kikata kucha wala koleo, naomba sana. Jino linapasuka kwa urefu mpaka kwenye mzizi, wadudu wanaingia, linakuja jipu. Jipu la sungura sio la kutumbua likaisha, usaha wake ni mzito kama samli iliyoganda, hautiririki, na likijijenga nyuma ya jicho ndo ile unaona jicho limesukumwa nje.

HATUA YA SITA: Ingiza pua yako bandani

Kabisa, piga magoti uweke uso kwenye usawa wa pua ya sungura, sio usimame pale juu. Ukihisi mkojo unakuchoma pua au macho ndani ya dakika moja basi yeye anaivuta hiyo amonia usiku kucha. Hii inachubua macho na pua, alafu bakteria kama pasturela wanapata njia, ndo unakuja kuona jicho na mafua kwa pamoja, anapiga chafya na miguu ya mbele imelowa.

Kinachotakiwa ni sakafu ya wavu au fito zenye nafasi mkojo ushuke chini, ila sehemu ya kulala weka ubao au nyasi miguu isichubuke. Trei ya chini kila siku inamwagwa, masika kuanzia Machi mpaka Mei usiruke hata siku kwasababu unyevu unazidisha harufu. Pumba za mpunga na vumbi la mbao laini toa kabisa, weka nyasi kavu zisizo na ukungu au maranda makubwa yaliyopepetwa. Kiangazi kuanzia mwezi wa 6 upepo unaleta vumbi, weka turubai upande wa upepo lakini usizibe kote, hewa ipite. Jiko la mkaa na banda visikae pamoja. Fungu la nyasi usilining'inize usawa wa macho, mabua yanamchoma akivuta. Matete makavu magumu katakata uyaweke chini kwenye chombo.

VITOTO

Hawa wana habari yao. Wanazaliwa macho yamefunga, yanafunguka kwenye siku ya 10 hivi. Wahesabie siku. Ikifika siku ya 12 bado jicho limeshikana na kope imetuna, nyuma yake kuna usaha unakaa unakula jicho, na ukisubiri lifunguke lenyewe anaweza kuwa kipofu. Lainisha kwa pamba na yale maji ya chumvi ya uvuguvugu dakika kadhaa, alafu tenganisha kope taratibu kwa vidole viwili, hulazimishi, likigoma unalainisha tena. Safisha usaha, rudia kwa siku mara mbili tatu, piga simu kwa daktari akuambie dawa ya kupaka, na tandiko la kiota badilisha lote siku hiyohiyo maana wenzake wako kwenye uchafu uleule.

HAYA HAYASUBIRI KESHO

Jicho limetokeza nje. Jicho limefumba kabisa na hataki liguswe. Kioo kimekuwa cheupe au bluu ghafla. Damu. Shingo imepinda upande mmoja au macho yanachezacheza yenyewe. Kuna doa jeupe ndani kabisa ya mboni, hasa sungura mdogo, hii inaweza kuwa kijidudu kinaitwa Encephalitozoon cuniculi ambacho kinaambukizwa kwa mkojo wa sungura mwenzake, muweke peke yake, nawa mikono vizuri, na kama nyumbani kuna mtu kinga yake ya mwili iko chini asiwe yeye anayesafisha banda.

Na hili hapa hata kama jicho lenyewe unaliona dogo: hajala wala kunya kwa saa 12. Maumivu yanamfanya aache kula, asipokula tumbo linasimama, na tumbo likisimama ndo linamuua kabla ya jicho.

KWA DAKTARI

Anza na afisa mifugo wa kata yako, ulizia ofisi ya kata watakupa namba, na kama yeye hana uzoefu na sungura muombe akuelekeze kwa daktari wa mifugo anayetibu mbwa na paka mjini. Msafirishe kwenye boksi lenye matundu au tenga, nyasi ndani, asubuhi au jioni. Bajaji ni bora kuliko kwenye daladala la saa 7 mchana, sungura hatoi jasho kama sisi na joto linamuangusha haraka. Weka chupa ya maji yaliyoganda iliyozungushiwa kitambaa pembeni yake.

Msalimie, mueleze kwa ufupi: shikamoo daktari, jicho la kushoto tangu lini, uchafu wa rangi gani, anakula nini, dawa gani umeshatia, usimfiche hata ile ya kienyeji. Muombe vitu vitatu, apime kidonda kwa ile rangi ya fluoresini inayong'aa kijani palipochubuka, aangalie meno ya nyuma, na kama machozi yanajirudia auzibue mfereji kwa maji. Akisema atampa dawa ya usingizi usimshindishe njaa, sungura hatapiki na akikaa tumbo tupu unamuongezea hatari, mpe nyasi mpaka mnaondoka.

Ukipewa matone, mfunge kwenye kitenge, vuta kope ya chini upate kimfuko, dondosha humo bila ncha ya chupa kugusa jicho. Kama ni matone na mafuta (dawa ya macho ya kupaka), matone kwanza, subiri dakika tano, alafu mafuta. Futa yanayomwagika kwenye manyoya maana atajilamba. Maliza siku zote ulizoandikiwa hata likionekana zuri siku ya tatu.

Huku dozi ikiendelea badilisha chakula taratibu, sehemu kubwa iwe nyasi, ukoka, mabingobingo, nyasi kavu, awe nazo mchana na usiku, majani ya matembele na mchicha kidogo juu yake, pumba na viporo punguza mpaka viishe. Na sungura mpya yeyote unayemleta kutoka sokoni au kwa rafiki, kabla hujamnunua geuza ile miguu ya mbele uangalie upande wa ndani, alafu mkalishe banda la peke yake wiki mbili tatu, mhudumie wa mwisho baada ya wale wa zamani.